Hukumu ninayo, pesa sina: je, mshahara wake unaweza kukatwa?

Assalamu aleikum ndugu wakili,

Mimi ni mama mpishi wa shughuli, hapa Mombasa upande wa Kisauni. Napika harusi, hitima, maulidi, hata mikutano ya ofisi wakiniita. Mwaka juzi baba mmoja wa mtaani kwetu alinijia, anaoza binti yake. Tukaelewana nipike pilau ya mbuzi siku ya nikahi na biriani siku ya kupamba, kwa jumla ya shilingi 340,000. Alitanguliza 90,000, akaniahidi zilizobaki atanipa wiki ile ile ya harusi kwa sababu sacco yake ilikuwa imemkubalia mkopo. Nilimwamini. Watoto wetu wamesoma madrasa moja, na tena ni mtu wa kazi ya kudumu: ni msimamizi wa ghala katika kampuni moja ya mizigo, analipwa kila mwisho wa mwezi.

Watu walikula, wakasifu, masinia yakarudi matupu. Pesa hazikuja. Mchele nilikuwa nimeuchukua kwa deni kwa muuzaji wa jumla Marikiti, mbuzi kwa mwenye bucha, na kuni pia kwa deni. Wote hao nimewalipa mimi. Niliuza mkufu wangu, nikakopa kwenye chama. Hata vijana walionisaidia kuosha vyombo usiku kucha niliwalipa mimi.

Nikaenda mahakama ya madai madogo bila wakili. Nilikuwa na karatasi tuliyoandikiana na ujumbe wake wa simu akikiri deni. Mwamuzi akanipa haki yangu: 250,000, pamoja na gharama na riba, na zilipojumlishwa zikafika 286,000. Siku ile nilitoka mahakamani nikilia kwa furaha, nikidhani yamekwisha.

Hakulipa. Nikaambiwa nitafute dalali wa mahakama. Dalali akaenda nyumbani kwa yule bwana, akaorodhesha viti, televisheni na friji. Mkewe akakimbilia mahakamani na kiapo kwamba vitu vile ni vyake, vingine amenunua kwa biashara yake ya kuuza madera. Dalali akarudi mikono mitupu, na mimi nikadaiwa ada yake. Baadaye nikaenda kazini kwa mdaiwa wangu na nakala ya hukumu. Mhasibu akaisoma, akanirudishia, akaniambia, "Mama, sisi hatuingilii madeni ya wafanyakazi. Na huyu hata mshahara wake umejaa makato."

Mwenyewe leo anasema amekata rufaa, kesho anasema atanipa 5,000 kila mwezi nikikubali kumwandikia kwamba nimeiondoa kesi. Kaka zangu wanataka afungwe jela. Mdogo wangu anasema picha yake itundikwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Wazee wananiambia nimsubiri, eti Qurani imesema mwenye dhiki apewe muhula.

Nimesikia mahakama inaweza kumkata mtu mshahara huko huko kwa mwajiri wake. Ni kweli? Anakatwa kiasi gani? Na yule mhasibu aliyenifukuza atalazimishwa na nani?

Mama Mpishi,
Kisauni

JIBU

Waaleikumu salaam mama yangu. Pole kwa jasho lako. Mtu akila chakula cha mwenzake, akaalika na wageni wake wakala, kisha akamwacha mpishi auze mkufu ili kulipa bucha, amefanya jambo baya, na mahakama imeshasema hivyo kwa niaba yako. Sasa tuitafute pesa.

Ndiyo, ni kweli. Sheria ya Kenya inaruhusu mshahara wa mdaiwa ukatwe na mwajiri ili kulipa hukumu, awe mtumishi wa serikali au wa kampuni binafsi. Kwa mtu kama huyu wako, mwenye ajira ya kudumu na nyumba isiyo na kitu cha kuuzwa, hiyo ndiyo njia ambayo ningetaka uanze nayo tangu mwanzo, kabla ya kumtafuta dalali.

Lakini yule mhasibu, kwa siku ile, hakukosea kukurudishia karatasi yako. Hukumu uliyonayo inamfunga yule bwana peke yake. Mwajiri hakuwa katika kesi, hakuitwa, na hakuna mahali alipoamriwa kufanya lolote. Angekata mshahara wa mfanyakazi kwa sababu tu mtu ameleta nakala ya hukumu, angeweza kushtakiwa yeye. Unachohitaji ni amri nyingine, inayomtaja mwajiri na kumwambia azuie kiasi fulani kila mwezi na akipeleke mahakamani. Amri hiyo haiji yenyewe. Mahakama zetu huamua nani anamdai nani, kisha huketi kimya mpaka mshindi arudi kuomba utekelezaji na aseme anataka njia gani. Naliona hili kuwa pengo kubwa. Mtu aliyejisimamia mwenyewe bila wakili anatoka na hukumu mkononi, hakuna anayemwambia kwamba safari ya pili ndiyo inaanza. Karani angetumia dakika tano tu kumweleza siku ile ile, wengi wangeokoka na gharama kama zako.

Njia zote za kutekeleza hukumu zimo katika kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21. Kifungu cha 44 kinasema kipi kinaweza kuchukuliwa na kipi hakiguswi. Nguo za mdaiwa na jamaa yake, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za kazi inayomlisha haviguswi. Na katika mshahara, theluthi mbili haziguswi. Theluthi moja iliyobaki ndiyo yako. Tuseme analipwa 48,000 kwa mwezi. Theluthi moja ni 16,000. Kwa deni la 286,000 ungemaliza kulipwa katika miezi 18 hivi, ukiacha riba inayoendelea. Naomba usinung'unike kuhusu zile theluthi mbili. Ni za kodi ya nyumba na unga wa watoto, na watoto wale hawakukukosea.

Utaratibu wenyewe uko katika Amri ya 22 (yaani sehemu ya 22, si amri ya hakimu) ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Unaanza kwa kuomba mahakamani ile hati ya hukumu iliyotiwa muhuri, ambayo makarani huita dikrii, ikiwa hukupewa. Kisha unawasilisha ombi la utekelezaji. Ndani yake unataja namba ya kesi, majina yenu, tarehe ya hukumu, kama kuna rufaa, kiasi kilicholipwa kama kipo, riba, maombi ya utekelezaji uliyowahi kuleta (lile la dalali lazima litajwe, usilifiche), na njia unayoitaka sasa, yaani kuzuiwa kwa mshahara. Hapo unamtaja mwajiri kwa jina lake lililosajiliwa. Hili nalikazia kwa sababu linakwamisha wengi. Jina lililoandikwa kwenye geti au kwenye fulana za wafanyakazi mara nyingi si jina la kampuni kisheria, na amri iliyoandikwa jina la geti itarudishwa. Tafuta barua yoyote ya kampuni, stakabadhi, au uliza kwenye usajili wa kampuni.

Mahakama haitatoa amri ya mshahara siku hiyo hiyo. Kwa mshahara, kanuni inataka mdaiwa kwanza apelekewe notisi aje aeleze kwa nini usikatwe. Hata kama hukumu yako ni changa, notisi hii ni lazima. Hakikisha amepelekewa na mtu anayetambuliwa na mahakama, na kiapo cha kuthibitisha kupelekwa kwake kimewekwa kwenye faili. Kesi nyingi za namna hii hazianguki kwa hoja. Huanguka kwa sababu mdaiwa alisimama akasema hakupata karatasi, na hakuna aliyeweza kuonyesha vinginevyo.

Sasa tuje kwenye lile neno la mhasibu, kwamba mshahara umejaa makato. Hapa tutulie, maana ndipo penye mgogoro wenyewe.

Ziko theluthi mbili za aina mbili, na watu huzichanganya. Ile ya kifungu cha 44 inamzuia mdai kugusa zaidi ya theluthi moja ya mshahara. Nyingine imo katika kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi jumla ya zaidi ya theluthi mbili za mshahara, ukihesabu makato yote pamoja. Kifungu hicho hicho kinataja amri ya mahakama kuwa mojawapo ya makato halali, lakini nayo inaingia ndani ya dari lile. Rudi kwenye mfano wetu wa 48,000. Dari ni 32,000. Kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya SHIF ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, vyote pamoja vinakaribia 10,000. Kama ana mkopo wa sacco unaokatwa 19,000, tayari ni 29,000. Nafasi iliyobaki ni 3,000. Theluthi yako ya 16,000 ipo kwenye sheria, lakini mlango wa kuingilia umebaki wa 3,000.

Usivunjike moyo, na usiende kumuuliza mhasibu tena. Hayo ni mambo ya kuulizwa mbele ya mahakama. Siku mdaiwa atakapokuja kujieleza, omba atoe hati zake za mshahara za miezi iliyopita, tuseme tangu mwezi wa harusi. Zisome safu moja baada ya nyingine. Mkopo wa sacco ulianza lini? Kama ulianza kabla ya deni lako, hayo ni majaliwa. Kama aliuchukua baada ya wewe kumshtaki, au baada ya hukumu, mwambie hakimu hivyo waziwazi: mtu huyu aliujaza mshahara wake makato huku akijua anadaiwa. Na kumbuka alikuahidi kukulipa kwa mkopo wa sacco. Kama mkopo ulitoka wiki ile, pesa zako zilienda wapi? Tena, angalia yapi kati ya makato ni ya lazima na yapi ni ya hiari. Kodi hana la kufanya nayo. Lakini akiba ya sacco aliyochagua kuweka 5,000 kila mwezi wakati kiwango cha chini ni kidogo kuliko hapo, mchango wa chama cha kazini, bima ya ziada, hayo anaweza kuyapunguza mwenyewe, na ni haki yako kuomba mahakama iyatazame inapopanga kiasi cha kukatwa.

Hata nafasi ikiwa ya 3,000 tu, ichukue. Omba amri itaje kwamba kiasi kitaongezwa mkopo fulani utakapoisha, na utaje mwezi wenyewe kama hati zinauonyesha. Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Ikiwa mdai mwingine ametangulia na sehemu inayoweza kukatwa tayari inapelekwa mahakamani kwa ajili yake, mwajiri atairudisha amri yako na maelezo ya ile ya kwanza, nawe utasubiri hadi huyo amalizike. Mtu asiyelipa mpishi huenda ana wengine asiowalipa.

Amri ikishatolewa na kupelekwa kwa mwajiri, mambo yanageuka. Yule aliyekuambia hawaingilii madeni ya wafanyakazi sasa yumo ndani. Kanuni inasema mwajiri anayemlipa mfanyakazi pesa ambazo amri ilimtaka azizuie, anawajibika kuzilipa mwenyewe. Akikata kisha asiziwasilishe, Sheria ya Ajira inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mpelekee amri kwa njia inayoacha ushahidi: nakala yako igongwe muhuri wao wa kupokea, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Mwezi ukipita bila pesa kufika, usirudi getini kugombana nao. Rudi mahakamani na nakala hiyo yenye muhuri. Uwe na subira ya mwezi wa kwanza au wa pili, kwa sababu mishahara hufungwa mapema na amri ikifika katikati ya mwezi mara nyingi huanza kufanya kazi mwezi unaofuata. Na mjulishe karani akaunti yako mapema, maana pesa hupitia mahakamani kabla ya kukufikia.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakuja: akiacha kazi? Amri inamfuata mwajiri yule, haimfuati mdaiwa. Akihamia kampuni nyingine utaomba upya, ukimtaja mwajiri mpya. Hukumu haifi hapo. Sheria inakupa miaka 12 ya kuitekeleza, ingawa riba iliyolala zaidi ya miaka 6 huwezi kuidai tena.

Na kama hujui mshahara wake, benki yake wala mali zake, usikisie. Omba mahakama imwite aje ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali na mapato yake, alete na vitabu au hati zake. Kanuni hiyo ipo katika Amri ya 22, na watu hawaitumii inavyostahili. Ungeitumia kabla ya dalali, ungejua mapema kwamba viti na friji vina mwenyewe. Mkewe alitumia haki yake ya kupinga, na sioni sababu ya kumchukia: kama madera ndiyo yaliyonunua friji, friji si ya deni la mumewe.

Kuhojiwa huko kunaweza kufungua njia nyingine. Amri ya 23 inaruhusu mahakama kuzuia pesa ambazo mtu wa tatu anadaiwa na mdaiwa wako au anamshikia, na mtu huyo kwa kawaida huwa ni benki. Mahakama hutoa kwanza amri ya muda inayoifunga benki isizitoe, kisha benki inaitwa kueleza, na hakimu akiridhika anatoa amri kamili pesa zilipwe kwako. Njia hii inachukua kinachokutwa kwenye akaunti, kwa hiyo haifai kitu kwa akaunti inayomwagwa yote siku ya mshahara. Lakini kama ana akiba, kama amelipwa malimbikizo, kama ameuza kiwanja, ni ya haraka kuliko kusubiri theluthi ya kila mwezi. Usiombe mambo yote kwa pamoja ili kumchosha. Chagua kulingana na alichosema kwa kiapo. Kila ombi lina ada, na ada hiyo inatoka kwako kwanza kabla ya kurudi kama gharama za kesi.

Kuhusu rufaa: mwambie akuonyeshe amri ya kusimamisha utekelezaji. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi hukumu. Kutoka mahakama ya madai madogo rufaa inaenda Mahakama Kuu, na ni kwa hoja za sheria tu, si kurudia ubishi wa kama pilau ililiwa. Asipokuwa na amri hiyo, endelea. Akiwa nayo, isome vizuri, kwa sababu mara nyingi mahakama humtaka aweke dhamana au sehemu ya pesa, na asipoweka kwa wakati uliotajwa, unaendelea.

Kaka zako waambie wapoe. Jela ya madeni ipo katika sheria yetu, hadi miezi sita, lakini si ya kumfunga mtu kwa sababu hana. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilieleza kwamba mdaiwa lazima apewe nafasi halisi ya kujieleza na utaratibu wa haki ufuatwe kwa ukamilifu kabla ya kufungwa. Ni ya mtu mwenye uwezo anayekataa kwa makusudi, anayeficha mali au anayetaka kutoroka. Tena mdai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa wake huko ndani. Utampikia mara ya pili, mama, na safari hii hata ile 90,000 ya kutangulia haipo. Halafu akitoka ameshafukuzwa kazi, mshahara uliotaka ukatwe haupo tena. Mshahara wake ndio mali yake iliyo wazi kuliko zote. Ulinde.

Picha ya WhatsApp nakuomba usiiruhusu kabisa. Leo wewe ndiye mwenye hukumu, yeye ndiye mkosaji. Siku mtakapotandaza uso wake na maneno ya kumtukana, utampa kesi ya kukushtaki nayo, na bintiye aliyeolewa atabeba aibu ambayo hakuitenda.

Wazee waliokukumbusha aya ya muhula wamesema kweli, kwa mwenye dhiki. Aya ile inampa muda mtu asiye na kitu. Lakini ipo pia hadithi sahihi ya Mtume inayosema kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi, anayeweza kuchukua mkopo mpya, anayekutaka uifute kesi ili akupe kidogo kidogo, sijui kama anaitwa mwenye dhiki. Kumkata theluthi moja na kumwachia mbili ni muhula tayari, na ni muhula uliopimwa. Ukitaka kumsamehe sehemu, ni hiari yako na thawabu yako, lakini uamue mwenyewe, kwa kujua unachosamehe, si kwa kuchoshwa.

Limebaki lile la 5,000. Kwa deni la 286,000, hiyo ni miezi 57, karibu miaka mitano, bila riba. Akikutumia kwa M-Pesa, pokea, na kila mara mjibu kwa ujumbe kwamba umepokea kiasi fulani kama sehemu ya hukumu ya kesi namba fulani, kisha ukitaje katika ombi lako. Usiandike popote kwamba umeondoa kesi. Hakuna tena kesi ya kuondoa, ipo hukumu, na saini yako kwenye karatasi ya mtaani inaweza kusomwa kuwa umelipwa yote. Kama kweli anataka kulipa kwa awamu, aje mahakamani mwandikishe makubaliano. Sheria inaruhusu, na huenda ikakufaa kuliko amri ya mshahara ikiwa nafasi yake ya makato ni ndogo na ana kipato kingine pembeni. Mimi nisingekubali chini ya theluthi ya mshahara wake, na ningetaka malipo ya kwanza makubwa ya kufidia walau ada ya dalali. Na msisaini mpaka kiwemo kifungu hiki: akikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo, nawe unarudi kuomba mshahara ukatwe.